Miguu Yangu na Gesi ya Castory

Jumatatu, 2 Juni 2025

Nimerudi kutoka dukani na ndala moja. Ya kulia. Ya kushoto imenitoka njiani nami sikusikia. Mama Janeth ndiye aliyeniuliza nyingine iko wapi. Nikatazama chini. Kweli! Mguu mtupu, umejaa vumbi, mimi sina habari.

Ganzi hii ina wiki ya tatu. Ilianzia vidoleni, sasa imefika magotini. Nikifumba macho nikiwa nimesimama, nayumba. Kupanda barazani kwangu mwenyewe nashika ukuta.

Na tarehe 21 ni send-off, sherehe ya kumuaga Janeth, binti yangu wa pekee, kabla ya ndoa. Hapa Old Korogwe baba wa bibi harusi hakutwi ameketi. Anaingia ukumbini na binti yake mkononi, kwa muziki, anacheza kuanzia mlangoni hadi meza ya mbele, watu wote wamesimama. Miaka kumi na tisa nimekodisha viti kwenye shughuli za wenzangu, nikitazama baba za watu wakiingia, nikingoja zamu yangu.

Nimechoka. Ila aliyenifanyia haya namjua. Castory!

Jumanne, 3 Juni

Hospitali. Daktari anaitwa Shadya, umri wake sawa na Janeth. Akauliza kama nakunywa pombe. Nikasema hapana, mimi mtu wa kanisa. Akauliza kama kuna kitu kingine chochote ninachotumia. Nikasema hapana. Mama Janeth akakohoa. Nikasema labda baluni.

Ikabidi nieleze. Castory ni MC. Zamani alikodi viti kwangu. Siku hizi ana vyake, vimevishwa vitambaa vyeupe na kufungwa utepe mgongoni, utadhani vinakwenda kubatizwa. Tangu Pasaka ana mtungi wa gesi ya kicheko aliouleta kutoka Dar. Anajaza baluni, mtu anavuta, anacheka dakika moja bila sababu, basi. Wageni wananunua. Mimi ni mtu wa ndani ya shughuli, kwa hiyo napewa bure. Sikuvuta nyingi. Nne. Sita. Kwa kila shughuli. Na baada ya Kwaresima kila mtu anaoa.

Daktari akasema gesi hiyo ina kazi yake hospitalini, ila ukiivuta hovyo inaharibu vitamini B12 mwilini, na mishipa ya fahamu inakufa njaa. Dawa ni kuacha kabisa na kuchomwa sindano, siku moja ndiyo, siku moja hapana, wiki mbili. Tukianza leo, huenda nitacheza tarehe 21. Tukichelewa hatoi ahadi. Mama Janeth akamshukuru Mungu kwa sauti.

Mimi nikasema nitafikiria. Mama Janeth hajanisemesha tangu tutoke pale.

Jumatano, 4 Juni

Nimekwenda kwa Mzee Hiza. Alikuwa karani kwenye mkonge kule Ngombezi, amestaafu, sasa anawaandikia watu barua na madai. Ana taipureta, ana kidau cha wino wa muhuri. Muhuri wenyewe hana.

Akanisikiliza huku akila muhogo. Akasema kesi ipo, tena nzito. Mahakama ya Mwanzo. Nadai nini? Nikasema spika. Castory ana spika mbili mpya, ndefu kunipita. Mzee Hiza akachapa: fidia ya spika mbili na viti mia vyenye vitambaa vyake. Nikamwambia aongeze na utepe.

Akanionya mambo mawili. La kwanza, hakimu huamini anachokiona. La pili, nisiitikie salamu za Castory, maana anayeitikia marahaba hana ugomvi na mtu.

Ijumaa, 6 Juni

Polisi, kuchukua PF3, ile fomu ya majeruhi. Askari akauliza nimeumizwa na silaha gani. Nikasema baluni. Akaweka kalamu chini. Akaichukua tena. Akauliza rangi yake. Nikasema nyingine nyekundu, nyingine za njano. Akaandika yote. Wenzake wawili wakatoka nje kwa pamoja, sikuambiwa kwa nini. Fomu nimeipitisha kwa Daktari Shadya, akajaza sehemu yake.

Mahakamani nimepangiwa tarehe 18.

Nimekaa kwenye benchi la mahakama nikapiga hesabu, nikaona mwanga. Hakimu huamini anachokiona. Nikichomwa sindano sasa, tarehe 18 nitaingia pale natembea kama kijana. Madhara yako wapi? Kumbe miguu hii ni ushahidi! Ushahidi hautibiwi. Nitaanza sindano tarehe 18 nikitoka mahakamani, na tarehe 21 nacheza. Siku tatu zinamtosha mtu mwenye nia.

Narudi nyumbani nakutana na Castory sokoni. Shikamoo mzee, akasema, tena ameinama. Mdomo wangu ukajibu marahaba mwanangu. Mdomo huu! Hamsini na nane miaka yake, haujifunzi kunyamaza.

Jumatatu, 9 Juni

Castory amekuja nyumbani amebeba ule mtungi begani. Wito wa mahakama ameupata. Nikajiandaa kwa matusi. Hakuna. Amesema hakujua kama gesi inaweza kumfanya mtu hivi, kwamba ameiacha biashara hiyo tangu aliposikia habari za miguu yangu, na mtungi nikae nao mimi ili nisiwe na wasiwasi kwamba bado anauza. Akaomba radhi kwa Mama Janeth. Akanywa chai. Akanikumbusha kwamba Janeth amemchagua yeye kuwa MC wa send-off, na hilo analichukulia kwa uzito.

Nani alimwambia Janeth achague? Sikuulizwa.

Mzee Hiza amefurahi sana kusikia habari za mtungi. Amesema hicho sasa kinaitwa kielelezo, nikitunze. Nimekiweka uvunguni.

Jumanne, 10 Juni

Nimewaza. Je, kama Castory amenipa mtungi wa hewa tupu? Ningeaibika mbele ya hakimu. Mama Janeth alikuwa kwenye sala za jumuiya. Nikajaza baluni moja, nikathibitisha.

Ni wenyewe.

Alhamisi, 12 Juni

Nimethibitisha tena. Mara tatu.

Jioni Janeth aliweka muziki kwenye simu, akaniita uani tufanye mazoezi. Hatua mbili mbele, moja nyuma, tunageuka. Kwenye kugeuka nikamwangukia. Akacheka, nikacheka. Kisha yeye akaacha kucheka. Akaniuliza sindano ngapi nimeshachomwa. Mama yake alikuwa anaosha vyombo, akaacha kuosha.

Nikasema bado. Nikaeleza habari ya ushahidi, taratibu, kama mtu mzima. Nikamwambia spika zile zitakuwa zawadi yake. Akasema hataki spika, anataka baba anayesimama, na wakwe wanakuja kutoka Kwamsisi, gari zima, watamwona akiingia peke yake kama yatima. Akaingia ndani.

Iliniuma. Nimekaa uani hadi kuku wameingia bandani. Kidogo niende hospitali, lakini nikakumbuka zimebaki siku sita tu. Mtu haachi shamba wiki ya mavuno.

Jumatano, 18 Juni

Mahakama. Nimeingia nimeshikiliwa, Mzee Hiza kushoto, ukuta kulia. Wazee wa baraza wanaokaa na hakimu walinionea huruma, niliwaona. Mwanzo mzuri!

Castory akaniamkia. Nikaitikia. Hakimu, mama mmoja mwenye miwani, akaandika kitu.

Akasoma PF3. Akauliza kama kuna mtu alinilazimisha kuvuta. Nikasema nilipewa bure, ambayo kwa mtu wa hali yangu ni sawa na kulazimishwa. Akauliza nimetibiwa tangu lini. Nikasema sijatibiwa. Akauliza kwa nini, ilhali daktari ameandika hapa kwamba mgonjwa ameambiwa aanze sindano tarehe 3 na akasema atafikiria. Nikasema nilikuwa natunza ushahidi.

Watu wakacheka. Hakimu akagonga meza. Mzee mmoja wa baraza alikuwa bado anatetemeka mabega.

Kielelezo kikaletwa. Karani akafungua koki. Hakikutoa hata pumzi. Hakimu akauliza mtungi ulikuwa kwa nani tangu tarehe 9. Mzee Hiza akaanza kukusanya karatasi zake.

Dai limetupwa. Castory naye amesemwa vikali, na mimi nilifurahi kidogo. Ameambiwa gesi ile si mchezo wa harusini, na akiletwa tena kwa jambo hilo atajuta. Kisha hakimu akavua miwani akanitazama. Akasema yafuatayo si hukumu, anaongea kama mtoto wa mtu. Niende nikachomwe sindano leo, sasa hivi, kabla ya chai.

Nimechomwa. Nimemuuliza Daktari Shadya kama siku tatu zinatosha. Akasema nijitahidi kula mayai.

Jumapili, 22 Juni

Nimelala hadi saa nne. Kanisani sikwenda. Niandike ya jana kabla sijaanza kuyasahau kwa makusudi.

Sindano mbili. Miguu ilikuwa ileile, haina habari na mimi. Mlangoni mwa ukumbi Janeth akanishika mkono. Mkono wake ulikuwa wa baridi. Aliniambia kwa sauti ndogo kwamba nikishindwa tutakaa wote hapohapo mlangoni. Wakwe wa Kwamsisi walikuwa mstari wa mbele, wamesimama mbele ya viti vyangu. Muziki ukaanza.

Hatua ya kwanza, sawa. Ya pili, sawa. Ya tatu kiatu cha kushoto kikabaki nyuma, nami nikaenda mbele bila hicho. Nikaanguka kwa magoti, suti nzima, mbele ya watu mia mbili. Muziki ukakatwa. Nilitamani ardhi inimeze. Janeth alipiga magoti pale chini na gauni lake.

Castory akaja mbio na maiki. Akanitia mkono kwapani, akaninyanyua. Nilidhani atafanya mzaha wake. Akatangaza kwamba Baba Janeth amekuja na staili yake mwenyewe, inaitwa ya Old Korogwe, na hakuna mgeni kukaa kabla hajaiweza. Akaamuru muziki. Akayumba. Mimi nikayumba, nitafanyaje? Janeth akavua kiatu chake cha kushoto, akayumba. Na ukumbi mzima, akina mama wa jumuiya, Mzee Hiza, wakwe wa Kwamsisi, hata Mama Janeth ambaye hachezi, wote kiatu kimoja, wanayumba hadi meza ya mbele. Castory hakuniachia hatua hata moja. Mkono wake ulikuwa imara.

Nimelia. Sijali nani atasoma. Nilimfikisha mwanangu mbele, na alikuwa anacheka.

Nilipoketi nilimwambia Castory asante mwanangu. Nilimaanisha.

Jumatatu, 23 Juni

Nimeamka bega linauma. La kushoto, palepale aliponishika Castory. Nikiinua mkono, linalia. Limevimba kidogo. Ukilitazama kwa upande wa dirishani, limevimba sana.

Mama Janeth ameleta dawa ya kuchua. Nimemwambia aiweke mbali, asiliguse bega kabisa hadi polisi walione. Ameiweka mezani akaenda kukaa uani. Anaangalia tu ukuta.

Castory amepita asubuhi kunijulia hali, ameleta trei ya mayai. Shikamoo. Marahaba mwanangu. Nimemwomba anisaidie kupanda bodaboda ya kwenda mjini, akanishika taratibu, lile lile bega. Nimekumbuka saa aliyonishika, nitaiandika kwenye madai. Mzee Hiza ameshaweka karatasi kwenye taipureta.

Sindano ya tatu ilikuwa ya jana, nikaisogeza hadi leo, lakini hospitali na polisi ni njia mbili tofauti. Itangoja. Askari akiniuliza silaha, safari hii ninalo jibu la maana: mkono wa Castory, wa kulia.