Mbwa Asiyejua Kujificha

Kwako Dada Mkubwa,

Pole kwa kazi ya kulea mjukuu. Mimi mdogo wako ni mzima, vidole vyote kumi vipo na cherehani inazunguka. Baada ya hayo, naingia kwenye kilio changu.

Miezi minne iliyopita uliniachia Hakimu, kijibwa chako cha aina ya teria, ukasema ni wiki mbili tu na wala hana shida, ni mdogo. Dada, udogo wake ni wa miguu. Roho yake haijui kama mwenyewe ni mfupi: juzi alimfukuza ng'ombe. Makosa yake ni haya:

1. Ndevu. Karatasi yako ya maelekezo inasema achanwe manyoya kila baada ya siku moja, na ndevu zipanguswe kila akimaliza kula. Mimi zangu nazinyoa nikikumbuka! Sasa wateja wananikuta nimepiga magoti na chanuo, mbwa kainua kidevu kama bwana harusi, nao wanauliza eti siku hizi nimefungua kibanda cha kinyozi.

2. Kuchimba. Hili hukuliandika, na ulilijua. Sakafu yangu ni ya saruji, basi anachimba kwenye lundo la vipande vya vitambaa. Kazika futi yangu ya kupimia, chaki tatu na mkono mmoja wa koti la mwalimu mkuu. Mkono tuliupata.

3. Panya. Hapa ndipo penye uchungu. Miaka kumi na tisa nimewaambia wateja, "Samahani, panya kakitafuna kitambaa chako, njoo wiki ijayo." Ulikuwa udhuru mzuri, tena nusu yake kweli. Hakimu kawamaliza panya wote kwa siku tisa, na kila mmoja alimlaza mlangoni watu wamwone. Sasa nikichelewa, nimechelewa mimi.

4. Pazia. Unaijua kazi yetu. Mteja akija kudai nguo ambayo hata haijakatwa, fundi anaingia nyuma ya pazia na kutulia, na jirani muuza viatu anasema, "Ametoka kidogo." Sikuwahi kushikwa. Lakini Hakimu akimwona mteja anabweka, halafu anakuja kusimama mbele ya pazia, anatingisha mkia na kuitazama miguu yangu. Bibi harusi mmoja alilifungua mwenyewe. Haki ya Mungu, niliona aibu mpaka kwenye visigino.

5. Kwa hiyo sina pa kukimbilia ila kumaliza kazi. Mwezi huu nimekabidhi kila nguo siku niliyoahidi. Mafundi wenzangu hawanisalimii, wanasema nawaharibia. Mzee mmoja aliyenizoea alikuja wiki nzima baada ya tarehe, akakuta suti inamsubiri, akanigombeza kwa nini nimebadilika bila kumwambia.

6. Kelele. Tangu wifi yako atangulie, nyumba ilikuwa imetulia: sahani moja, kikombe kimoja. Nilishazoea, au nilisema hivyo. Sasa jioni, tukirudi kwenye yale matembezi uliyoyaamuru, najikuta namsimulia Hakimu habari za siku nzima, naye anainamisha kichwa kama anayeandika. Muuza viatu anasema kicheko changu kinafika kwake. Mtu wa umri wangu!

Kwa sababu hizo, nakuomba kwa heshima zote uje umchukue mapema iwezekanavyo, nirudie maisha yangu.

Msalimie shemeji, msalimie mpwa wangu na mtoto wake. Hakimu naye anawasalimu wote. Doa hilo pembeni ni unyayo wake.

Ni mimi mdogo wako mwenye kuonewa,
Fundi

N.B. Nilikuwa nafunga bahasha, ukapiga simu kwamba Jumamosi hii unakuja kumchukua. Dada, haraka ya nini jamani? Mtoto mchanga anamhitaji bibi yake. Na hata ukija utajichosha bure. Ukikuta pazia limefungwa, usiite: fundi ametoka kidogo, na Hakimu vilevile. Tangu upige simu tumekuwa tukifanya mazoezi. Leo mchana mteja kaja, kaita mara tatu, kaondoka, na nyuma ya pazia sisi wawili hatukupumua. Nguo yake ilikuwa tayari, lakini ilibidi tujaribu.