Posa Iliyotupwa Jalalani

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Kitengo cha Kuchuja Barua Pepe,

Pokea salamu kutoka Molepolole. Mimi ni Seabelo Motlhabane, mjomba wa kijana Oteng, niliyekabidhiwa na ukoo kazi ya kumposea. Nakuandikia kwa heshima zote, ingawa mke wangu ameshauri nizipunguze.

Mheshimiwa, kwetu posa haisemwi kavukavu. Mjomba wa kijana humwendea mjomba wa binti kwa lugha ya kistaarabu. Mjomba wa binti, Mzee Kebonang, anaishi Maun, safari ya kutwa nzima, nikaona barua pepe itafika kwanza. Nikaandika: "Mheshimiwa, hunijui, ila nimezisikia habari zako njema. Tumeona ua nyumbani kwako. Tunaomba kibuyu cha maji. Ng'ombe wapo tayari. Tafadhali jambo hili libaki siri yetu mpaka tuonane." Mtambo wenu ukaitupa kwenye barua taka. Malalamiko yangu ni haya:

1. Adabu mmeigeuza kosa. Kwetu kibuyu cha maji ni mke; mlitaka niandike "Tupeni binti"? Hata mwizi wa mifugo hasemi hivyo.

2. Nilipoona kimya, niliandika upya kwa herufi kubwa ili mzee asihangaike na miwani, nikajaza alama za mshangao kuonyesha furaha ya ukoo, na nakala nikawapelekea ndugu zake wote. Nasikia hapo ndipo mtambo ulipothibitisha kwamba mimi ni tapeli.

3. Mzee Kebonang naye alikuwa akingoja, maana binti alikwisha kudokeza nyumbani kwamba posa inakuja. Mwishowe akapaza sauti kwenye harusi ya watu: "Hao wa Molepolole wamemla mtoto wetu kwa macho, sasa wamenyamaza kama waliomeza mfupa!" Gorata, binti mwenyewe, akaacha kupokea simu za Oteng. Oteng akaacha kula, yeye aliyekuwa akifagia sufuria ya nyama peke yake.

4. Ikabidi twende wenyewe. Tulikalishwa nje ya lango, juani, na makoti yetu ya heshima. Mzee alipofungua kompyuta yake, alitukuta tumelala kati ya muuza dawa ya upara na mjane wa jenerali mwenye dhahabu. Akacheka mpaka akashika mbavu. "Kumbe shemeji zangu mlikuwa mnabisha hodi jalalani!" Binti tumepewa, na Oteng amerudi kwenye sufuria, lakini tumetozwa ng'ombe mmoja zaidi kwa kuchelewa.

5. Ng'ombe huyo namtaka kwenu. Awe mnene.

6. Mtambo huo uondolewe kabisa, kila barua ifike kwa mwenyewe. Mtambo hauna mjomba, posa utaitambuaje? Mkishindwa, basi ajirini wajomba.

Wasalimie wafanyakazi wako, wake zao na wakwe zao. Usalimie hata mtambo, maana si kosa lake kwamba haukulelewa.

Wako katika subira inayokaribia kwisha,
Seabelo Motlhabane

Nyongeza: Nikiwa nimekwisha kutia sahihi, imenifikia barua ya mtu wa Francistown nisiyemjua kabisa. Ananiita mheshimiwa, anadai ameona nyota bomani kwangu na ukoo wake ungependa iwaangazie, tena nimjibu upesi. Utapeli mtupu! Nimeitupa. Mtambo wenu ulikuwa wapi? Tafadhali uacheni palepale, na muuongezee ukali. Binti yangu Lesego amejifungia chumbani analia tangu nilipoisoma kwa sauti, na mama yake hataki kuniambia kuna nini.