Miadi ya Ukaguzi Berwick

Jumatatu, 2 Oktoba

Cheti cha ukaguzi wa gari kimekwisha tangu Agosti. Sikulipeleka kwa fundi wa hapa Morpeth kwa sababu ananijua, na breki zangu anazijua. Sasa mke wangu, Thelma, anataka Jumamosi tuwe Kisiwa Kitakatifu kwa dada yake Mavis, anayetimiza miaka themanini. Mavis hatoki kisiwani siku hizi, miguu imegoma. Na njia ya kwenda kwake hufunikwa na bahari maji yakijaa. Jumamosi inafungwa saa saba mchana.

Jirani yetu Gordon amejitolea kutupeleka. Ana gari jipya, analiosha makusudi mbele ya dirisha langu. Nimekataa kwa heshima zote. Afadhali nitambae!

Jumanne, 3 Oktoba

Nimepata! Sheria inaruhusu kuendesha bila cheti ukiwa unakwenda kwenye ukaguzi uliokwisha kuupangia miadi. Nimepigia simu gereji moja Berwick, mbele kidogo ya njia panda ya kisiwani. Jumamosi, saa tano. Tutaelekea Berwick kihalali, tukate kona, tule keki, kisha niwapigie gereji kuahirisha. Akili ni mali.

Thelma kaniuliza kama isingekuwa rahisi kutengeneza gari. Hana jicho la sheria.

Alhamisi, 5 Oktoba

Nimefanya majaribio. Nimepanga ukaguzi Alnwick, nikaenda, nikanunua mishumaa ya keki, nikafuta miadi, nikarudi. Safi! Nikamsimulia Gordon juu ya uzio. Akasema bado yuko tayari kutupeleka. Ana huruma ya kuudhi, yule.

Jumamosi, 7 Oktoba

Siku mbaya.

Hatujafika njia panda, trafiki akatusimamisha. Binti mdogo, mpole. Nikamweleza sheria yake. Akapiga simu gereji, wakamthibitishia kwamba wananisubiri. Nikamtazama Thelma kwa ushindi. Ndipo binti akasema, kwa kuwa mimi mgeni Berwick, atanifuata nyuma nisije nikapotea.

Tukaipita njia ya kisiwani. Thelma, keki mapajani, aligeuza shingo akaitazama mpaka ikapotea.

Fundi alipandisha gari, akachungulia chini. Mabomba ya breki yameliwa na kutu. Akasema gari halitatoka pale kwa magurudumu yake. Teksi ikapatikana saa saba kasoro dakika chache. Dereva akatuambia tusijisumbue, tukifika tutakuta bahari.

Thelma alimwimbia dada yake kwenye simu, amesimama katikati ya matairi. Mavis akauliza tuko wapi, mbona chai inapoa. Thelma alipokata simu akanigeukia.

“Norris, mimi sikutaka gari. Nilitaka kufika kwa dada yangu.”



Gordon alikuja kutuchukua. Njia nzima hakunitania hata neno moja. Heri angenitania.

Jumapili, 8 Oktoba

Keki iko mezani, haijakatwa. Thelma yuko bustanini, anang'oa magugu ambayo hayapo.

Nimekaa nimewaza. Mtu wa miaka themanini ana sikukuu ngapi zaidi za kuzaliwa? Nami nimemnyima moja kwa kushindana na Gordon, ambaye hata hana habari kwamba tunashindana. Sijui nilianza lini kuogopa kusaidiwa. Labda nilipostaafu. Labda zamani zaidi. Nimeona aibu, aibu ya kweli, na nikamwomba Thelma radhi. Akaniambia nibadilike.

Nimeapa nitabadilika.

Jumatano, 11 Oktoba

Nimebadilika! Gari la zamani nimeliuza kwa wanunua vyuma. Nimepata jingine, lina miaka arobaini na mmoja, na sheria inasema gari la umri huo halidaiwi cheti cha ukaguzi kabisa. Hakuna miadi tena, hakuna gereji, hakuna uongo wa aina yoyote. Nimemwambia Thelma Jumapili tunakwenda kwa Mavis, maji yakipwa tu.

Akaingia garini akaketi. Mlango ulikubali kufunga mara ya tatu. Akaniuliza kama breki zinashika. Nikamwambia hilo sheria haiulizi.

Ameshuka, amevaa koti, ameenda kugonga kwa Gordon. Bila shaka amekwenda kumringia.