Kuhusu Shoka la Shangazi Mbeyu na Heshima ya Mwembe Wangu

Munje, Oktoba 1956

Kwa Mheshimiwa Mudir,
Barazani.

Asalaam aleikum, Mheshimiwa. Baada ya salamu, na baada ya kukuulizia hali yako na ya wote waliomo nyumbani mwako, naomba ruhusa ya kuleta mbele yako shauri ambalo, kwa kadiri ya elimu yangu, halijapata kusikilizwa na baraza lolote la pwani yetu hii.

Mimi ni Kibwana Rai, wa Munje, mhitimu wa chuo cha kilimo, mwenye cheti. Huenda umepata kuniona njiani: ndiye yule kijana wa kaptura iliyopigwa pasi, mwenye baiskeli na kamba ya kupimia nafasi baina ya mti na mti. Tangu nirejee nyumbani nimejitwika kazi ya kuwafundisha jamaa zangu namna ya kulea miembe ya uani ipate kuzaa kwa wingi. Nimeomba nafasi ya Bwana Shamba Msaidizi, na Afisa wa Kilimo amenijibu kwamba embe zitakapoanza kuiva atafika mwenyewe kuikagua miembe yangu miwili, kisha ndipo atakapokata shauri. Kwa hiyo maisha yangu yote ya mbele, Mheshimiwa, hivi sasa yananing'inia matawini.

Miembe hiyo ni mmoja wa ngowe, ulio nyuma ya jiko, na mmoja wa boribo, ulio kando ya kisima. Yote miwili ilikuwa imekwisha kuzoea uvivu. Niliyapogoa matawi ya ndani ili jua lipenye, nikachimba beseni kuzunguka mashina, nikatia samadi ya mbuzi iliyooza barabara, nikatandaza majani makavu kuuhifadhi unyevu. Leo hii mwembe wa ngowe umebeba embe changa hata mpita njia husimama na kusema mashaallah. Kuhusu ule wa boribo sitasema mengi, kwa kuwa hauhusiki na shauri hili.

Kinachohusika ni shoka.

Wewe ni mtu wa hapa, Mheshimiwa, na desturi unaijua. Lakini kwa kuwa barua hii huenda ikahifadhiwa kwa faida ya vizazi vijavyo, nitaieleza. Mwembe usiozaa huendewa na mtu mwenye shoka, akautukana na kuutishia kuukata. Papo hapo hutokea mtu wa pili, asiye wa nyumba ile, akamshika mkono yule wa kwanza na kuuombea mti ule msamaha, akaudhamini kwamba utazaa. Basi mti, kwa hofu au kwa haya, huzaa. Ndivyo wasemavyo. Chuoni kwetu somo hili halikufundishwa.

Sasa nayaleta malalamiko yangu kwa utaratibu.

1. Kwamba kabla ya mwembe wa ngowe kutoa maua, nami nikiwa nimekwenda Mwabungo kutoa somo la samadi, shangazi yangu Bi Mbeyu, dada wa baba yangu, aliuendea na shoka bila ya kushauriana nami. Inasemekana alisema hivi: "Wewe! Mwaka nenda mwaka rudi unakunywa maji yangu ya kuoshea vyombo, na hata embe moja ya achari sijaiona. Mnene, mvivu, huna haya! Leo unakuwa kuni!" Naye jirani yetu Mwinga, fundi wa cherehani, akaruka ua na kumshika mkono, akisema, "Muache, dada, nakuomba! Mimi namdhamini. Asipozaa msimu huu, shoka nitakunolea mwenyewe." Nilipofika jioni niliukuta mti umesimama kimya, na shangazi yangu anachekecha unga kama kwamba hakuna lililotendeka.

2. Kwamba mwembe ulipotoa maua, Munje nzima iliacha kuitaja samadi. Hakuna anayekumbuka kupogoa. Hakuna anayekumbuka beseni, ijapokuwa watu watatu walitumbukia humo. Kila mtu anasema mti umezaa kwa sababu umemwogopa Mbeyu. Nami, kwa unyoofu wa mtu aliyesoma, nakiri kwamba shangazi yangu anaogopeka. Mwembe ule umeishi ukutani pa jiko lake tangu ulipokuwa mche, na umeshuhudia kwa macho yake waume wawili wakifungishwa virago. Unajua kwamba mama huyu hasemi mara mbili. Lakini hofu, Mheshimiwa, si mbolea.

3. Kwamba nilipombandikia cheti changu ukutani ili akione kila apitapo, shangazi alikitazama sana, kisha akaniuliza kwa upole, "Karatasi hii, mwanangu, umeuonyesha mti?" Wajomba zangu walicheka hata mmoja wao akamwaga kahawa. Tangu siku ile, nikisimama barazani kuanza somo, mtu wa nyuma hupaza sauti: "Bwana Shamba, shoka liko wapi?"

4. Kwamba shangazi yangu sasa anaazimwa. Alianza kuitwa kwa minazi ya majirani, na hilo nililistahimili. Kisha akaitwa Mwabungo, kule kule nilikokuwa nikifundisha samadi, kwenda kuutisha mpera. Na akapelekwa kwa baiskeli yangu. Kisha akaitwa kumtisha kuku asiyetaga. Juma lililopita akaja mama mmoja kutoka Lunga Lunga, Mapenzi kwa jina, akamwomba akamtishe mkwewe, ambaye tangu aoe hajapata kuleta hata dagaa nyumbani. Shangazi akaenda na shoka lake, akasema maneno, na wapo waliomdhamini kijana. Nasikia huyo bwana kila jioni sasa anaingia na samaki wa changu mkononi na kusalimia watu wote. Nakuomba uyatafakari hayo. Leo ni mkwe. Kesho atakuwa karani. Na keshokutwa, ikiwa barabara yetu haikutengenezwa, sithubutu kuandika ni nani atakayeendewa na shoka.

5. Kwamba fundi Mwinga, kwa kuwa alisimama mdhamini, anadai kikapu cha kwanza cha embe kama ilivyo desturi, na kila asubuhi huja kuuchungulia mti na kuuambia, "Usiniaibishe." Nimemjulisha kwamba mwembe uliotunzwa kitaalamu hauhitaji mdhamini, na kikapu hatakipata. Amenuna, na suruali yangu ya kumpokelea Afisa ameirudisha bila ya kuishona.

6. Kwamba mwembe wenyewe umevunjiwa heshima, na hili ndilo linaloniuma kupita yote. Unatajwa kila mahali kuwa mwoga. Mti uliosomeshwa, uliopogolewa kwa kipimo, uliolishwa kwa utaratibu, unasemwa kuwa umezaa kwa kutetemeka! Je, Afisa wa Kilimo atakapofika, na kusikia maneno hayo kwa kila atakayemuuliza, ataandika nini? Nachelea ataandika kwamba nafasi ile apewe shangazi yangu, na mimi niwe nambebea shoka.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, nakunyenyekea utoe amri nne. Kwanza, mtu yeyote asiutishe mti, kuku wala mkwe pasipo ruhusa ya mtaalamu. Pili, shoka la Bi Mbeyu likachukuliwe na askari na kuwekwa barazani mpaka Afisa wa Kilimo awe amekwisha kuja na kuondoka. Na askari huyo, kwa usalama wake, aende wakati shangazi yupo kisimani. Tatu, dai la Mwinga litupiliwe mbali. Nne, utoe hati yenye muhuri isemayo, MWEMBE HUU UMEZAA KWA HIARI YAKE, nami nitaifunga shinani kwa kamba, si kwa msumari, kwani msumari huliumiza gome.

Ukinitendea haya utakuwa umeinusuru elimu katika pwani hii, pamoja na kijana mmoja aliyeaga nyumbani kwa vifijo na asiyependa kuishia kuwa kichekesho cha barazani.

Nifikishie salamu kwa karani wako mwenye mwandiko mzuri, na kwa askari wa mlangoni, hasa ikiwa ndiye atakayetumwa. Wazee wa Munje wanakusalimu. Wajomba zangu wanakusalimu, wangali wanacheka. Shangazi Mbeyu naye anakusalimu sana. Hajui ninaandika nini, na naomba ibaki hivyo.

Mimi niliye chini ya amri yako, ila katika mambo ya mbolea,

Kibwana Rai
(Mwenye Cheti)

Tanbihi. Nilipokuwa nikiifunga barua hii nilikwenda kuutazama mwembe wa boribo, ambao hapo juu nilisema hauhusiki. Samadi umepata ile ile, maji yale yale, na kivuli hakuna. Niliuzungushia ua wa fito na kumkataza shangazi asiukaribie, ili iwe dhahiri kwa Afisa kwamba elimu peke yake yatosha. Umenawiri mno. Una majani mazuri ajabu. Ua hata moja hauna.

Nimezungumza na Bi Mbeyu faraghani, naye amekubali kuja Ijumaa baada ya sala. Ugumu ni mdhamini. Mwinga hataki hata kunisikia, kwa sababu ya kikapu, na mti hauheshimu udhamini wa mtu asiye na cheo. Kwa hiyo naomba, kama hutaona uzito, uje wewe mwenyewe umshike shangazi mkono. Maneno ya kusema ni machache, nimeyaandika nyuma ya karatasi hii. Kikapu cha kwanza kitakuwa chako. Na ikiwa askari amekwisha kulichukua lile shoka, tafadhali uje nalo, kwani kutoka pale kisimani mwembe wa boribo uliliona siku ile na unalijua.

Ombi langu la mwisho: utakapokuwa ukiuombea, tafadhali usicheke. Mti utakuwa unakutazama.