Mlango wa Stoo

Jumatatu, 3 Machi

Wiki imeanza na nuksi. Msimamizi katuita wote ofisini kwake, akatangaza kwamba Ijumaa anakuja mkaguzi kutoka makao makuu. Atapita chumba kwa chumba, ataongea na wakazi, atataka kujua kila mtumishi wa nyumba hii ana kazi gani hasa. Aliposema "kila mtumishi" macho yake yakatua kwangu. Si kwa mlinzi. Si kwa mpishi. Kwangu!

Niandike ukweli, maana daftari halina macho ya kunisuta. Mimi ni mshauri nasaha wa nyumba ya mpito. Wanaume kumi na wanne waliotoka gerezani wanakaa hapa miezi kadhaa, wazoee kuishi uraiani kabla ya kurudi kwao. Kazi yangu ni kuwasikiliza. Nina cheti ukutani. Nina viti viwili vinavyotazamana kimshazari, kama tulivyofundishwa. Nina boksi la karatasi laini za kufutia machozi. Linaingia mwaka wa pili sasa. Imetumika karatasi moja, na niliyeitumia ni mimi, nilipokuwa na mafua.

Kisa? Shangazi.

Shangazi ndiye mpishi, na wote humwita hivyo, hata Msimamizi. Hana cheti. Ana benchi. Mkazi akiwa na donge rohoni haji kwangu. Huenda jikoni, huchukua kiazi, humenya, na kabla kiazi hakijaisha keshamwaga yote hadi ya utotoni. Shangazi husema "Mh!" Mara nyingine "Enhe?" Basi! Mimi nimesoma miaka mitatu, na mwanamke huyu ananigaragaza kwa "Mh!"

Lazima wakazi waonekane ofisini kwangu kabla ya Ijumaa. Nimepata wazo. Biskuti.

Jumanne, 4 Machi

Nilihamisha birika la jikoni bila kuomba ruhusa. Nikapanga biskuti mezani. Nikaacha mlango wazi.

Walikuja tisa! Nikauliza kwa sauti ya upole, ile ya chuoni, nani angependa kuanza. Mmoja akauliza kama kuna sukari zaidi. Mwingine akalala kitini, akakoroma kimshazari kama kiti chenyewe. Biskuti zilipokwisha, waliondoka kwa adabu kubwa.

Kwenye fomu nimeandika: "Washiriki tisa. Hali ya utulivu."

Kisha Shangazi akaja kuchukua birika lake. Hakunigombeza, jambo lililoniudhi zaidi. Mlangoni akageuka, akaniuliza kama najua kwamba Mzee Ngoja hajala vizuri tangu Jumapili. Nikamjibu kwamba bila shaka najua. Sikujua.

Mzee Ngoja alikaa gerezani miaka ishirini na mmoja. Jina alipewa hapa hapa, kwa sababu akifika kwenye mlango uliofungwa husimama. Hagongi, hashiki kitasa. Anasubiri mtu aje amfungulie. Asubuhi jirani yake akichelewa kuamka, mzee wa watu anakosa chai. Si ukaidi. Anasema mkono haunyanyuki.

Nilikwenda kwa Msimamizi kuuliza, nikijifanya nakumbushia tu. Kumbe dada wa Mzee Ngoja ameandika barua: ana chumba, yuko tayari kumchukua, atakuja Jumamosi. Lakini dada mtu anashinda kazini kutwa, na bodi ya nyumba hii haiwezi kumwacha mtu peke yake katika nyumba ambayo hawezi kutoka hata ikishika moto. Asipoweza kufungua mlango, atapelekwa makao ya wazee, kwenye wahudumu wa kumfungulia. Huko hakuna kurudi.

Nilimhurumia, kweli nilimhurumia. Dakika mbili nzima. Kisha likanijia: nikimponya huyu kabla ya Ijumaa, ni nani atakayethubutu kuuliza kazi yangu ni nini?

Jumatano, 5 Machi

Nimemleta Mzee Ngoja ofisini. Mlango nilifungua mimi. Nilimfundisha kupumua kwa hesabu. Akapumua. Niliweka mezani kitasa kikuukuu nilichokiokota kwenye karakana, nikamwomba akishike, akizoee. Akakishika, akakigeuza, akasema ni kizuri. Akashukuru. Akaomba kwenda.

Nikamwambia aende tu.

Akasimama mbele ya mlango. Nami nilikuwa nimeapa: leo sifungui! Ndiyo mbinu yenyewe, mtu aachwe na mlango wake. Basi tukasimama. Nikajikaza kisabuni. Dakika kumi. Dakika ishirini. Yeye ana uzoefu wa kusubiri, mimi sina. Dakika ya arobaini nikabanwa na haja, nikaufungua mlango mwenyewe na kutoka mbio.

Nyuma yangu nikamsikia akisema kwa huruma, "Pole, mwanangu."

Alasiri nikapita karibu na jikoni. Nani yuko kwenye benchi anachambua maharage? Mzee Ngoja. Na anaongea! Anaongea na mikono juu, maharage yanaruka. Shangazi: "Mh!"

Nilikosa raha hadi chajio. Mke wangu akaniuliza nina nini. Nikamwambia ni siri za kazi. Akasema siri gani, wakati kazini kwangu haniambii mtu kitu. Mke wangu ana mdomo.

Lakini nina mpango. Ukuta kati ya stoo na jikoni ni wa mbao nyembamba. Kesho baada ya chai ya asubuhi nitajificha stoo na daftari jipya, nimsikilize Shangazi anavyofanya, niandike kila "Mh!" na mahali pake. Nimeshaandika kichwa cha habari: Siri za Jikoni.

Alhamisi, 6 Machi

Leo naandika dirisha likiwa wazi.

Niliingia stoo kwa ncha za vidole. Nikavuta mlango. Ukajifunga: ka! Nikapapasa kitasa. Hakuna kitasa. Kwa ndani kiling'oka mwezi uliopita, na tangazo limebandikwa nje, ATAKAYEINGIA AEGESHE MLANGO KWA TOFALI. Nililiandika mimi kwa mkono wangu.

Nikashusha pumzi. Shangazi atakuwa jikoni sasa hivi, nitajitetea baadaye. Nikasikiliza. Kimya. Nikakumbuka: Alhamisi Shangazi huenda sokoni. Wengine wote walikuwa uwanjani na Msimamizi, wanapaka chokaa mawe kwa ajili ya mkaguzi.

Sasa niandike jambo ambalo hata mke wangu halijui. Siwezi kukaa mahali palipofungwa. Ofisini nina dirisha. Stoo haina. Swichi ya taa iko nje. Nilikuwa mimi, giza na magunia ya mchele. Kijasho chembamba kikanitoka, kisha kinene. Nikapiga mlango kwa ngumi. Nikapiga kwa kiatu. Nikaita mama.

Nyayo. Polepole. Zikasimama.

"Nani huyo?"

Sauti ya Mzee Ngoja! Kati ya watu wote!

"Mimi, mshauri! Nifungulie, mzee wangu!"

"Ngoja nikamwite mtu."

"Usiende! Usiniache, nakufa humu!"

Nikasikia viungo vikilia. Alikuwa anakaa chini, sakafuni, upande wa pili wa mlango.

"Siendi," akasema. "Niko hapa. Unapumua?"

"Sipumui!"

"Asiyepumua hapigi kelele hivyo. Weka kiganja ukutani. Pabaridi?"

"Pabaridi."

"Huo ukuta hausogei. Mimi mwaka wa kwanza nilidhani unasogea. Kila asubuhi naupima kwa shibiri. Shibiri kumi na moja. Kila siku kumi na moja. Upime, mwanangu."

Nikapima gizani kama mwendawazimu. Shibiri tisa. Nikapima tena. Tisa. Akaniambia afadhali, nikipata tisa mara tatu nitatulia. Nikapata tisa mara tatu.

Akaendelea kuongea. Nadhani alikuwa ananishikilia kwa sauti, nisianguke. Alisema mwanzoni naye alikuwa anapiga mlango, anaita, na kila akiita anajibiwa "ngoja". Akapiga mwaka, akapiga miwili.

"Siku nilipoacha kupiga nililala usingizi mzuri," akasema. "Ila na mkono nao ukalala. Ukalala moja kwa moja."

"Mh," nikasema.

"Dada yangu anasema chumba kina mlango wa bluu. Nimeuota. Nimesimama nje, mvua inaninyeshea, dada yuko kazini. Nalowa na kulowa. Majirani wanapita, wananiona. Mtu mzima."

"Mh."

Sikuwa naiga. Nilikuwa nalia, na hiyo ndiyo sauti pekee iliyotoka. Daftari sikujua liko wapi. Kila nilichosomea kilikuwa kimenitoka kichwani. Nikasema neno moja tu la kweli, nadhani la kwanza tangu nianze kazi hii.

"Mzee wangu, mimi naogopa."

Nikasikia pumzi zake. Akasimama. Chuma kikagusana na chuma, kikaacha. Nikafumba macho. Kikagusana tena.

Mwanga!

Mzee Ngoja alikuwa ameshika kitasa na anautazama mkono wake kana kwamba ni wa mtu mwingine aliyemwazima. Akasema, "Umefunguka." Nikasema, "Umefunguka." Akaufunga. Akaufungua. Akaufunga tena. Akaufungua, anacheka, machozi yanamtiririka. Mara ya nne nikamwomba nitoke kwanza.

Ah, ile hewa ya korido! Ina harufu ya dawa ya kusugulia sakafu. Sijawahi kuvuta hewa tamu kama ile.

Ijumaa, 7 Machi

Mkaguzi amekuja, mtu mwembamba mwenye kalamu tatu. Akawauliza wakazi kama mshauri anawasaidia. Wakatazamana. Mmoja akataja biskuti. Nikaona kibarua changu kinaota nyasi mbele ya macho yangu.

Ndipo Mzee Ngoja akaingia. Kwa kufungua mlango! Ukumbi mzima ukapiga makofi, Msimamizi akadondosha faili. Mzee akamweleza mkaguzi kwamba mshauri wao alijifungia stoo kwa makusudi, akajitia hofu na kilio, ili yeye asiwe na njia ila kufungua. Alisema hajawahi kuona mtu akijitoa hivyo kwa ajili yake. Alikuwa anaamini kila neno.

Mkaguzi akanigeukia. Akauliza kama kweli hiyo ndiyo mbinu yangu.

Hapa muungwana angesema ukweli. Nilifungua kinywa niuseme. Kikatoka hiki: "Kila mtu na mlango wake."

Akakiandika! Kwa kalamu ya pili! Akasema kazi yangu haina shaka. Nikahisi mwili umekuwa mwepesi, kama nimetuliwa gunia kichwani. Nilijua ni kilemba cha ukoka, lakini kilinikaa vizuri.

Shangazi alipita na trei ya chai. Akaninong'oneza kwamba ameokota daftari juu ya gunia la mchele, limeandikwa Siri za Jikoni. Akanirudishia, kalifuta vumbi. Hakumwambia mtu. Aliongeza tu kwamba nikitaka kujua siri, nije nimenye viazi. Nimeshukuru. Sitakwenda. Atataka kunidadisi.

Jumamosi, 8 Machi

Dada yake Mzee Ngoja amefika asubuhi, mama mfupi mwenye sauti kubwa. Alimshika kaka yake masikio yote mawili, akamtikisa, akamlaza kichwa begani.

Getini mlinzi akanyoosha mkono afungue, kwa mazoea. Mzee akamzuia. Akaweka begi chini, akasukuma komeo, akalifungua geti lote, pande mbili, kana kwamba lori linataka kupita. Wakatoka kwa miguu, wawili tu. Kwenye kona akageuka, akapunga mkono ule ule.

Nilibaki nimeshika nguzo. Nilisema nina vumbi jichoni. Boksi langu la karatasi leo limepungua karatasi nne.

Nyumbani nilimsimulia mke wangu yote, hata ile ya kuogopa. Hakucheka. Akaniuliza nimejifunza nini. Nikamwambia mengi sana.

Jumatatu, 10 Machi

Mkazi mpya! Hataki kupanda juu ghorofani kwenye chumba chake. Akifika kwenye ngazi anasimama, anatikisa kichwa. Hofu ya kimo, ya wazi kabisa. Shangazi anadai ni goti tu linamuuma, amemwambia mwenyewe wakimenya viazi, apewe chumba cha chini yaishe. Goti! Ndiyo hasara ya kutosoma.

Nimemwendea mtunza bustani aniazime ngazi yake ndefu. Nikamweleza kwamba nitapanda juu ya paa, nitaiangusha ngazi kwa bahati mbaya, kisha nitaita. Akaniuliza kama nina mtu wa kuzungumza naye. Nikamjibu kwamba mtu wa kuzungumza naye ni mimi.

Ngazi nimeshaipima. Inafika. Kesho saa nne kamili asubuhi nakwama.