Mpangaji wa Chumba cha Nyuma

Jumatatu, 3 Machi

Panya amekula sabuni. Si kipande, mche mzima! Mke wangu ameyaweka mabaki mezani wakati wa chai ili niyaone vizuri, utadhani mimi ndiye niliyeila. Halafu akatoa hukumu. Chumba cha nyuma kimekaa kitupu vya kutosha. Nisipopata mpangaji hadi Jumapili, anahamia kaka yake.

Kaka yake! Shemeji huyu anasubiri majibu ya kazi tangu tulipooana. Huu ni mwaka wa tisa. Kazi yenyewe lazima ni kubwa sana. Akija kula hukalia kiti changu, hulaza miguu juu ya meza yangu, halafu hunishauri namna ya kupanda cheo. Mimi! Karani wa masjala, mwenye ufunguo wa kabati la majalada.

Ila nina mpango. Nesi mmoja mstaafu, mtaratibu, asiye na mtoto wala makelele, amesoma tangazo langu kwa kinyozi na atakuja kukiona chumba Ijumaa saa nne asubuhi. Tangazo nililichapa mwenyewe ofisini na kutia sahihi. CHUMBA SAFI, TULIVU, HAKUNA PANYA. Hayo maneno mawili ya mwisho niliyaongeza kwa sababu nafasi ilibaki.

Kuna tatizo dogo. Panya anaishi humo humo chumbani.

Mke wangu anasema tuazime paka. Paka, zama hizi! Jioni nimenunua mtego wa umeme. Sanduku jeusi, urefu wa mkate, lina kimlango mbele na mabamba mawili ya chuma ndani. Panya anafuata chambo, anakanyaga bamba, anapigwa shoti, taa ya kijani inawaka. Kwisha habari. Muuzaji ameniapia kwamba panya hasikii hata maumivu. Nikamuuliza amejuaje. Akasema hajarudi hata mmoja kulalamika. Nimemwamini papo hapo.

Jumanne, 4 Machi

Mtego unataka betri nne kubwa. Hazimo kwenye boksi. Karatasi ya maelekezo inalisema jambo hilo mwisho kabisa, kwa herufi za kusomwa na sisimizi.

Redio ya mama yangu inatumia betri nne kubwa.

Nimeziazima. Nasema kuazima kwa sababu Ijumaa jioni nitazirudisha. Mama ana matatizo ya masikio miaka mingi. Redio huifungulia hadi mwisho na kuipakata kama mjukuu. Leo ameiwasha, kimya. Akazungusha kitufe, akaibandika sikioni, akaipiga kofi. Kimya. Akatutangazia kwamba masikio yamekwisha, hata kale kasehemu kalikobaki kamekwenda. Machozi yakamlengalenga. Roho iliniuma, sisemi uongo. Nikataka kusema ukweli. Nikamkumbuka shemeji. Nikajikaza kisabuni.

Tangu hapo mama anaongea kwa sauti ya kumwita mtu aliyeko ng'ambo ya barabara.

Na ni yeye huyo huyo aliyepiga marufuku kumtaja panya ndani ya nyumba! Panya anasikia, anasema. Ukimtaja kwa jina, usiku huo huo anabadili njia. Kwa hiyo apewe jina la siri. Mama akapendekeza "mpangaji", maana anakaa chumba cha nyuma na anakaa bure. Mke wangu akacheka mpaka akashika mbavu, akakubali. Mama akairudia siri yetu mara tatu ili asiisahau. Nadhani hata panya wa nyumba ya tatu wameishika.

Jumatano, 5 Machi

Chambo. Maelekezo yanasema chakula chenye harufu. Jikoni kulikuwa na paja la kuku ndani ya bakuli lililofunikwa, ambalo mke wangu alimwekea kaka yake. Nikaona mambo yamejipanga yenyewe. Nikakata kipande, nikakisukuma hadi mwisho wa sanduku, nikaweka mtego katikati ya chumba cha nyuma. Sehemu iliyobaki nikaihifadhi mahali salama. Ilikuwa na chumvi ya kutosha.

Nimetoka kazini, namkuta shemeji na futi mkononi anapima chumba. Hajapewa, anapima! Kitanda hapa, feni pale. Dada yake alipomwambia kwamba kuku haonekani, akainua pua, akazunguka mara moja. Kwa pua ile mtu angekuwa ameajiriwa zamani. Kabla sijafungua mdomo, ameshaingiza vidole viwili ndani ya sanduku.

Ukelele wake mama aliusikia. Yeye mwenyewe alishangaa.

Taa ya kijani iliwaka sawasawa na maelekezo. Mtego mzuri sana.

Mama akatikisa kichwa, akasema mtego wa panya hunasa waliomo na wasiokuwemo. Nikamwambia huo msemo ulitungwa kabla ya umeme. Hakunisikia.

Kwa ajili ya vidole viwili tu, mke wangu amemfunga bandeji mpaka kwenye kiwiko. Shemeji hawezi kunyanyua kitu. Mkono wenyewe haujawahi kunyanyua kitu hata ulipokuwa mzima, lakini nani wa kumwambia? Atalala kwenye kochi letu mpaka apate nafuu. Kwa hiyo leo mpango wangu umemwingiza ndani siku nne kabla ya wakati. Sijali. Kutoka kochini hadi chumbani kuna safari, na njiani nipo mimi.

Alhamisi, 6 Machi

Mpangaji hakuingia mtegoni. Amekula tai yangu. Ncha yote, mpaka usawa wa kifungo cha tatu. Nina tai moja tu, na mimi ni mtu wa kufa na tai shingoni. Nimekwenda nayo kazini hivyo hivyo. Mwenzangu wa masjala akaniuliza kama ni mtindo mpya. Nikasema ndiyo.

Jioni shemeji, akiwa amelala chali na mto wangu, akatoa ushauri bila kuombwa. Alisema panya hapiti katikati ya chumba, hutembea akiambaa ukuta, kwa hiyo sanduku liwekwe ukutani, mlango uelekee kona. Nikamwambia nimesoma maelekezo, ahsante.

Baadaye nikauhamishia mtego ukutani, mlango ukaelekea kona. Niliamua mwenyewe.

Ijumaa, 7 Machi

Nitaandika yote.

Kazini niliomba ruhusa nikasema nina msiba. Kinywa huumba, wazee walisema.

Saa nne kamili nesi akabisha hodi. Viatu vyeupe, mwavuli, mkoba umefungwa vizuri. Nilimpenda hapo hapo, kama mpangaji. Akauliza kama kuna kelele. Nikasema hapa tunaishi kwa kunong'ona. Akauliza habari ya panya. Nikacheka kidogo, nikasema panya humu wanasomwa kwenye tangazo tu. Akatabasamu! Nikajiona nimeshamkabidhi ufunguo, na shemeji anaondoka na futi yake.

Ndipo mama akatokea kwenye korido, mikono kiunoni.

"Mwanangu, mpangaji amekufa!"

Nikampa ishara anyamaze. Akadhani nimemwomba arudie. Akarudia. Akaongeza kwamba umeme umemkausha, meno yote nje, nikamtoe haraka kabla hajaanza kunuka.

Nesi akaniuliza taratibu ni mpangaji gani huyo.

Njia zilikuwa mbili. Niseme ni panya, na tangazo langu lenye sahihi yangu liwe uongo mtupu. Au niseme ni mpangaji. Nikaishika tai yangu, nusu iliyobaki. Nikamjibu kwamba ndiyo, bahati mbaya, ila alikuwa mtu mzima sana na alikuwa akisumbuliwa siku nyingi.

Nilikuwa nimeanza kuona mwanga. Lakini mke wangu alikuwa jikoni na hakujua kuna mgeni. Akasema kwa sauti kwamba nimfunge kwenye mfuko wa plastiki nikamtupe jalalani, na nisisahau kuwatafuta watoto wake, maana wamo ukutani. Shemeji naye akaamka kochini, akainua bandeji yake, akamsalimia mgeni kwa adabu zote. Akaeleza kwamba yeye alikuja kupima chumba tu, na mashine ile ile nusura immalize.

Mtu mwingine angekimbia. Ningemshukuru. Huyu alikuwa na miaka thelathini wodini. Akaweka mwavuli chini, akasema mtu hatangazwi amekufa mpaka aangaliwe na mwenye ujuzi, akanipita. Nikamfuata nikimweleza kwamba marehemu hakupenda wageni. Akafungua mfuniko wa sanduku, akatazama. Akatazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akanigeukia, wala hakupandisha sauti.

"Panya ningemvumilia, hospitali tuliishi nao. Ila mtu anayekubali maiti ili afiche panya, huyo siwezi kukaa naye nyumba moja."

Akachukua mwavuli wake. Mlangoni akanishauri ninawe mikono kwa sabuni. Sabuni hatuna.

Jumamosi, 8 Machi

Shemeji amehamia. Godoro, feni, na spika moja inayofika kifuani kwangu. Vyote amebeba mwenyewe. Mkono umepona ghafla, tumshukuru Mungu. Wakati wa chakula mke wangu amewakumbusha wote kwamba panya alinaswa ukutani, na akauliza ushauri wa ukutani ulikuwa wa nani. Nikaomba chumvi.

Mchana shemeji akamwona mama ameikalisha redio mapajani kama mgonjwa. Akaichukua, akafungua nyuma. Hakuna betri. Akanitazama. Nikatazama dari. Akaenda chumbani kwake (nimeandika "chumbani kwake", jamani!), akatoa betri kwenye mtego, akazitia kwenye redio. Ikaunguruma nyumba nzima.

Mama alilia. Akamshika shemeji kichwa kwa mikono miwili, akasema huyu ni mtoto, si mkwe, na kwamba kwa siku tano alikuwa kiziwi na mwanawe wa kumzaa akimtazama tu. Kila neno lilinichoma. Shemeji alinikonyeza tu. Afadhali angesema.

Jumapili, 9 Machi

Yuko kwenye kiti changu. Mama amemmegea nyama yake.

Nimejifungia chooni kumpigia simu muuzaji wa mtego. Tahadhari kwanza. Kuta za nyumba hii ni nyembamba na huwezi kumtaja mtu kwa jina. Nikamwita shemeji "panya". Nikamweleza muuzaji kwamba nina panya mkubwa kupita kiasi, anakula kuku, anakoroma, ameshika chumba kizima na familia imempenda. Akauliza ukubwa. Nikasema karibu na mlango. Akakohoa kidogo, kisha akaniambia ana kifaa kipya kabisa. Hakiui. Kinatoa sauti ambayo binadamu haisikii, lakini kiumbe anayeishi kwa mgongo wa mwenzake hukosa raha, akafungasha mwenyewe. Mtu wa sayansi yule, nilijua tu.

Nikafungua mlango. Shemeji kasimama pale pale, taulo begani. Akaniwekea mkono begani, ule uliokuwa na bandeji.

"Shemeji, nimekusikia. Kumbe bado kuna panya, tena mkubwa! Wala usihangaike peke yako. Mimi siondoki humu mpaka nimkamate."

Mke wangu akasema huyo ndiye kaka. Mama akaitikia amina, juu ya redio.

Sijakata tamaa. Mpango haukuwa na kasoro, jina tu ndilo lililokosewa. Kesho nikitoka kazini nakipitia kile kifaa. Nimesahau kuuliza mambo mengi, lakini moja nimeliuliza. Kinatumia betri nne kubwa.

Mama husinzia kidogo baada ya chakula cha jioni.