Uti wa Mgongo Umeniponza Ukweni

Jamani, leo nimeaibika ukweni. Tena nimeaibishwa na somo ninalofundisha mwenyewe.

Mnajua leo nilikuwa naenda Ihembe kumposa Adelina. Nimetoka hapa Kayanga asubuhi, suruali imepigwa pasi, nyuma ya baiskeli nimempakia mshenga wangu Kalisti na dumu la rubisi, pombe yetu ya ndizi. (Mshenga mzito, rubisi nzito, na vilima vya huko mnavijua.) Njia nzima Kalisti ananiambia neno moja tu: "Ukweni usijitie kujua. Wewe nyamaza, mimi nitaongea."

Ningemsikiliza nisingekuwa hivi.

Baba yake Adelina ni balozi wa nyumba kumi. Tumemkuta amevaa kanzu nyeupe pee, amekaa kwenye kiti, sisi tukakaribishwa mkekani. Shikamoo, marahaba, habari za nyumbani, zikaisha. Shangazi yake Adelina akaleta matoke, akafunua majani ya mgomba, mvuke ukatupiga usoni.

"Karibu mkwe," akasema. Mkwe! Kwa furaha nikachota tonge bila kupuliza.

Sikumbuki kuamua chochote. Niliona tu mkono umeruka, na tonge limeganda kifuani kwa balozi, juu ya kanzu. Kalisti akafumba macho.

"Umenirushia ndizi," balozi akasema polepole.

Hapo mtu mwenye akili zake anaomba radhi. Mimi nikaanza kufundisha.

"Mzee, siyo mimi. Ni uti wa mgongo. Ndani yake mna mshipa mnene wa fahamu. Mkono ukiungua, habari inafika pale, na pale pale inatoka amri: ondoa mkono. Ubongo unakuja kuambiwa baadaye. Ubongo ni kama mkuu wa wilaya, uti wa mgongo ni kama balozi. Nyumba ikishika moto, balozi hasubiri barua ya mkuu kutoka Kayanga."

"Balozi hapa ni mimi," akasema, "na sijatoa amri ya kurushiwa ndizi."

Shangazi naye akadakia: "Waitu, kumbe mkono wake hauna akili, halafu tumpe mtoto?"

Nikaona posa inaniponyoka. Nikasema nitathibitisha. Nikamwomba mzee apandishe mguu mmoja juu ya mwingine, auache uning'inie. (Kalisti ananivuta shati, mimi namtoa mkono.) Nikapiga magoti mbele yake kwa heshima zote, nikamgonga chini kidogo ya goti kwa ukingo wa kiganja. Wapi! Nikagonga tena. Mguu umekaza kama mchi.

"Ulegeze, mzee." Nikasogeza uso nilione goti vizuri, nikagonga kwa nguvu.

Teke likanipata mdomoni. Nikaenda chali, mgongo ukatua ndani ya matoke. (Nilivyosimama tena sijui. Waulizeni waliokuwepo.)

Shangazi akainuka, mikono kiunoni. "Kaka, unampiga mposaji nyumbani kwako, mbele ya mshenga wake? Umeyaona wapi hayo?"

Balozi alikuwa anautazama mguu wake kama wa jirani. "Si mimi," akasema. "Haki ya Mungu si mimi. Umeenda wenyewe. Ni uti wa mgongo."

Shangazi akamwangalia yeye, akaniangalia mimi niliyejaa matoke mgongoni.

"Basi na ile ndizi ilikuwa uti wa mgongo," akasema. "Ukimkatalia kwa ndizi yake, na wewe utalipa faini ya teke lako."

Mzee akafikiri sana. Akabandua tonge kwenye kanzu, akalitazama, akalitupia kuku.

"Posa tumeipokea," akasema. "Ila huyu akiwa anakula, mwanangu asikae mbele yake."

Kwa hiyo nimepata mchumba. Chekeni ninyi, mimi nikicheka mdomo unachanika.